Chuma cha Kukinga Vidole

Garsen,
9 Mei 1954

Kwa dada yangu mpenzi, abaayo Muslima,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, natumaini barua hii itakukuta wewe, shemeji na wanao hapo Garissa mkiwa wazima wa afya. Sisi huku hatujambo, ila mto ulifurika tena, kivuko kikasimama, na wateja wangu wote wakabaki ng'ambo ya pili wakinunua sukari kwa watu wengine. Mama anasumbuliwa na magoti, lakini ulimi wake ni mzima kabisa, alhamdulillahi.

Dada, kichwa changu hakijatulia tangu juma lililopita. Nitajaribu kukueleza kwa mpangilio, na nikirukaruka unisamehe, maana nimechanganyikiwa kweli.

Kuna Mzungu anayepima maji ya mto. Sisi tunamwita Bwana Visu kwa sababu hukusanya visu vya kijeshi kama wengine wanavyokusanya ng'ombe. Mafuriko yalipomkwamisha hapa akawa anakuja dukani kwangu kunywa chai. Akakiona kisu cha marehemu kaka yetu Roble pale ukutani, juu ya magunia ya mchele, akaomba akitazame tu. Sikuona ubaya.

Nilidhani ataangalia makali. Wala hakuyajali. Aligeuza mpini, akachukua kitambaa chenye mafuta ya taa, akasugua kile chuma cha kukinga vidole, kisha kofia ya mpini, kisha chuma cha kwenye ncha ya ala. Akaniuliza nilikipata wapi. Nikamjibu kwa majivuno kwamba kaka yangu alimpokonya Mtaliani vitani. Akatikisa kichwa. Akanionyesha mshale mdogo uliogongwa kwenye kila chuma, akasema hiyo ni alama ya mali ya serikali ya Kiingereza. Vyuma vyote vitatu vilitengenezwa pamoja, havijabadilishwa, na kisu hicho hakikutoka kwa Mtaliani yeyote.

Wewe wakati ule ulikuwa umeshaolewa huko, hukuyaona yaliyotokea. Roble alipokuja likizo alileta kisu cha huyo Mtaliani, lakini alikificha kwa kuwa askari hawakuruhusiwa kubaki na vitu vile. Sisi tulisikia tu habari zake. Aliyekishika ni mkewe Hawo peke yake, ndiye aliyekuwa akikisafisha. Roble akarudi vitani, na baada ya kimya kirefu Kuno, yule mfugaji wa Kiorma aliyekuwa naye jeshini, akatuletea kisu, akasema Roble ameuawa na hiki ndicho kilichobaki. Serikali yenyewe ilituambia tu kwamba haijulikani alipo. Hakuna maiti, hakuna kaburi. Basi wazee wakampa Hawo kisu, wakamwambia aseme kama ni cha mumewe. Akakishika, akalia, akasema ndicho. Kwa neno lake hilo tulisoma khitma, akakaa eda, na ilipokwisha nikamrithi mjane wa ndugu yangu kama desturi yetu inavyotaka. Leo tuna watoto watatu.

Sasa kama kisu si cha Roble, aliyekufa ni nani? Nilimwendea Kuno kwake. Alikasirika, akauliza kama namwita mwongo. Alipopoa akakiri kwamba maiti hakuiona. Alipewa furushi na askari wa stoo, akaambiwa ni la yule Msomali wa Tana, naye akaamini kwa kuwa Msomali wa Tana aliyemjua yeye alikuwa mmoja tu. Nikarudi nyumbani mjinga zaidi kuliko nilivyotoka.

Nikamwuliza Hawo. Nilitarajia ataapa au atalia. Alikuwa akichuja maziwa, na wala hakuacha. Akaniambia alijua tangu siku ile. Kisu cha Roble kilikuwa na shaba ya manjano pale vidole vinapokaa, aliisugua mwenyewe kwa majivu mpaka ikang'aa, na hiki ni chuma cha kijivu. Akasema alichoka kuwa si mke wala si mjane, kila mtu anamwambia asubiri na hakuna anayemwambia mpaka lini. Tena akasema, bila kuinamisha macho, kwamba alijua desturi, alijua atarithiwa na nani, na alinitaka mimi. Dada, nilikasirika sana, na humo humo ndani ya hasira nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi. Mambo gani haya?

Tangu hapo nalala dukani juu ya magunia. Watoto wananiuliza nimekosana na nani. Kwa sheikh sijaenda, maana najua ataanza kwa kuniuliza kama ndugu yangu yu hai au amekufa. Bwana Visu, ambaye habari za Hawo hazijui, alijitolea kuandika jeshini amuulizie Roble. Alitaka tu nimpe jina lake kamili na jina la kikosi.

Jana maji yalipungua, naye akawa anafunga mizigo. Nilikwenda kambini kwake nikiwa na majina hayo mdomoni. Aliponiuliza nikamwambia nimesahau. Jina la baba yetu, Dada, nilisema nimesahau! Nampenda Roble, ndiye aliyenifundisha kuogelea kwenye mto huu. Lakini naogopa kwamba hakufa. Sijamwambia mtu mwingine neno hili. Bwana huyo ameteremka kuelekea Kau na atakaa huko mpaka mwezi ujao, kwa hiyo bado naweza kumfuata. Wewe ndiwe mkubwa wetu, niambie nimfuate au nisimfuate.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Hawo hakuniagiza salamu, hatuzungumzi, lakini najua angekusalimu. Mama anakusalimu sana na anauliza utakuja lini. Kila Ijumaa humwombea Roble rehema na kaburi lenye nuru. Juzi aliomba tena, sote tumeinua mikono, na mimi ndiye niliyeitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Ni mimi ndugu yako,
Dahir