Kasian Hakurusha Ile Chupa

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Deira, Dubai
Tarehe: 17 Novemba 2006

Jina: Edna Elisante Lyimo
Umri: Miaka 28
Uraia: Mtanzania
Kazi: Mapokezi, hotelini, Al Rigga
Makazi: Hor Al Anz, Deira

Nimekuja kituoni mwenyewe, sikuitwa. Nimesikia kwamba Kasian Komba, Mtanzania mwenzangu, fundi wa viyoyozi, anashikiliwa hapa kwa madai ya kumrushia chupa Mohannad, mwimbaji wa bendi ya Ramad. Mimi nilikuwepo. Aliyerusha si yeye.

Kasian namfahamu tangu mwaka 2003. Ramad ni vijana wa hapa hapa Dubai wanaopiga metali, ule muziki mzito wa magitaa na kupaza sauti. Kasian ndiye aliyenipeleka kuwaona mara ya kwanza. Wakati ule nilikuwa mfanya usafi, na kulia kwangu kulikuwa kwa kila siku. Ndani ya ukumbi ule sikulia. Tangu hapo tukawa watu wa Ramad, mimi, Kasian na Rogers, Mkenya, ambaye ni mlinzi.

Mwezi uliopita Ramad walitoa sidii mpya. Kelele zimepungua, wameingiza udi na kinanda, na Mohannad anaimba taratibu. Tuliisikiliza pamoja mkahawani nyuma ya hoteli yetu. Wimbo wa tatu haujaisha, Kasian akaizima redio ya watu.

Akasema, "Wametuuza. Sasa wanaimbia watu wenye mazulia."

Mimi nilizipenda zile nyimbo. Nikamwambia mtu hawezi kupiga kelele miaka yote, hata mimi nimechoka kupiga kelele. Akaniita msaliti kama wao. Tulinuniana wiki nzima.

Mnamo tarehe 16 Novemba 2006, siku ya Alhamisi, majira ya saa moja jioni, Ramad walipiga katika ukumbi wa hoteli moja hapa Deira. Nilikwenda na Rogers. Kasian alikuwa mbele, karibu na jukwaa, na wenzake kama kumi. Walikuwa wamekubaliana kwamba nyimbo za zamani wataimba, nyimbo mpya watageuka na kuwapa wanamuziki mgongo.

Mohannad alitangaza wimbo mpya. Alisema ni wa mama yake, aliyefariki mwaka jana. Kasian na wenzake wakageuka wote.

Nilikasirika. Nilipita katikati ya watu nikasimama mbele ya Kasian, uso kwa uso. Kwa hiyo mimi nilikuwa naangalia jukwaa, yeye ananiangalia mimi. Nilimshika mikono yote miwili.

"Geuka, Kasian. Mwenzio amefiwa."

"Na mimi nilifiwa," alisema. "Mama amezikwa Mbinga mimi niko juu ya ghorofa, naambiwa kwa simu. Ule wimbo wao wa zamani ndio ulionibeba. Huu haunibebi, Edna. Wameninyang'anya."

Tangu tufahamiane hakuwahi kuniambia habari ile. Niliendelea kumshika mikono.

Hapo ndipo chupa ya soda ilipopita juu yetu. Ilitoka kulia kwangu, upande wa mlango mdogo. Niliuona mkono ulioirusha, una shati jekundu la mikono mirefu. Uso sikuuona, na sitamtaja mtu nisiyemwona sawasawa. Kasian alikuwa amevaa fulana nyeusi ya Ramad, na mikono yake ilikuwa mikononi mwangu.

Chupa ilimpiga Mohannad juu ya jicho, akaanguka. Mimi nilipiga ukelele. Kasian aliniuliza, "Nini?" kwa sababu yeye hakuona kitu. Alipogeuka na kuona damu, aliniponyoka akapanda jukwaani, akavua fulana yake na kukandamiza jeraha. Walinzi walimkamatia pale pale, ana damu mikononi. Watu walipiga kelele kwamba huyo ndiye kiongozi wa wanaowatukana Ramad. Nilijaribu kuwafikia walinzi, nikasukumwa nje.

Leo asubuhi Rogers aliniambia, "Wacha hiyo maneno, Edna. Ukiingia huko, visa yako ndiyo itaenda." Madam, meneja wangu, naye amesema hataki wafanyakazi wake waonekane polisi, nikija nisishangae nikikuta zamu yangu ina mtu mwingine. Nimewasikia wote wawili, na nimekuja.

Nimeulizwa na afande kama Kasian ni mpenzi wangu. Si mpenzi wangu.

Nimeulizwa kama nina hakika, maana ukumbini taa zilikuwa hafifu. Afande, mtu hahitaji taa kujua kama ameishika mikono ya mwenzake.

Nimeulizwa kama nakubaliana na Kasian kuhusu bendi. Sikubaliani naye hata kidogo. Kumpa mgongo mtu anayemlilia mama yake ni vibaya, na nitamwambia hivyo akiwa nje, si akiwa ndani.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu. Nimesomewa, yako sawa, sina la kupunguza.

Sahihi: E. E. Lyimo

MAELEZO YA AFISA: Nimeyaandika haya kwa Kiswahili kama shahidi alivyoyasema, nami nitayatarjumi kwa Kiarabu. Nilimwambia mara mbili kuwa halazimiki kutia sahihi. Alinyoosha mkono kutaka kalamu. Majeruhi amehojiwa hospitalini leo alasiri. Amesema kuwa tangu wimbo unaanza hadi chupa inampiga alikuwa akiutazama mgongo wa kijana mmoja aliyesimama mbele yake, ameshikwa mikono na mwanamke, na kwamba kijana huyo huyo ndiye aliyemkandamiza jeraha kwa fulana. Anayeshikiliwa ataachiwa baada ya sala ya magharibi. Anatafutwa mwenye shati jekundu. Shahidi nimemwambia, "Dada, nenda kazini kwako, usije ukapoteza zamu." Amekaa kwenye benchi la mapokezi, amesema atatoka na mwenzake.

Sajini Thuwein