Filamu ya Melani na Koti la Kisilu

Tawa,
Alhamisi, 22 Agosti 2024.

Kwa kaka yangu mpendwa Ndolo,

Pokea salamu zangu, wewe na Kasyoki mke wako na watoto, na hata wale mbuzi wa huko Zombe ambao nasikia siku hizi wanakula vizuri kuliko watu. Goti lako linaendeleaje? Je, ile dawa ya kupaka niliyokutumia ilisaidia, au uliiweka juu ya kabati kama zile zingine? Sisi huku tupo. Mume wangu Kimeu bado yuko kule mjini Salama kwa kazi ya mjengo na hurudi nyumbani Jumamosi. Cherehani yangu haipumziki, maana shule zinafunguliwa Jumatatu na wazazi wa Tawa hukumbuka sare siku ya mwisho. Kwa hivyo mwili ni mzima. Kuhusu roho sitakudanganya: nimekasirika, kaka, na sehemu kubwa ya hasira hiyo nakuletea wewe.

Nakuandikia barua kama watu wa zamani kwa sababu kwa simu hunisikilizi. Nimekupigia mara tatu. Mara ya kwanza ulikuwa kwa mkutano, mara ya pili kwa maombi, na mara ya tatu uliniambia mambo ya kanisa yaachiwe kanisa, halafu ukakata. Barua haikatwi. Nampa Muli, ambaye anakuja huko kununua mbuzi kesho, na nimemwambia asikupe mpaka uketi.

Najua Pasta Gedion amekusimulia, lakini amekusimulia nusu. Jumamosi ya tarehe kumi, vijana walionyesha filamu katika ukumbi wa kanisa kwa projekta ya kanisa. Aliyeileta ni Yvonne wangu, kwa sababu yeye ndiye katibu wao. Ni filamu ya kizungu juu ya msichana wa shule anayeitwa Melani, ambaye anapenda kijana aliyekufa maji kabla yeye hajazaliwa. Huyo kijana hutoka ziwani jioni, nywele zimelowa, anazungumza naye maneno matamu, na mwishoni msichana anavaa pete yake na kusema mbele ya watu kwamba yeye ni mke wa huyo marehemu. Hiyo ndiyo filamu. Hakuna damu wala pembe.

Jumatatu yake, Nduta anayeuza viatu karibu na stendi alimkuta binti yake Ciku ameandika jina la yule marehemu kwenye mkono wake kwa kalamu ya biki. Alilia hadi sokoni. Kufikia jioni, Tawa nzima ilijua kwamba watoto wetu wameolewa na mapepo, na aliyewaoza ni binti ya Wavinya fundi wa nguo.

Jumanne hii kamati ya kanisa ikaitwa, nami nikaitwa kama mzazi wa mshtakiwa. Mzee Nthiwa, mwenyekiti, alisema si haki kuhukumu kitu ambacho hatujakiona, kwa hivyo tutazame dakika kumi tu. Kaka, ungekuwepo ungecheka, kama bado unacheka. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua kuwasha hiyo projekta. Ikabidi mshtakiwa aitwe kutoka nje aje kutuwashia ushahidi wake mwenyewe, na kwa sababu Mzee Nthiwa hasikii kizungu, akaambiwa pia asimame hapo atafsiri. Basi mtoto wangu akasimama kando ya ukuta akitafsiri kosa lake kwa Kikamba safi, na zile dakika kumi zikawa saa mbili kasorobo. Melani na marehemu wake walipokaribia kubusiana, Mzee Nthiwa aliamuru kitabu cha nyimbo kiwekwe mbele ya taa ya mashine. Nduta ndiye aliyekuwa akiuliza kila mara kama sasa kinaweza kuondolewa.

Na hasira yao, unajua ilimwendea nani? Si yule marehemu. Huyo walimsamehe, tena Pasta Gedion alisema angalau ana heshima, anasalimia. Waliyemkasirikia ni msichana. Mama yake anafanya kazi mbili, naye hajamwekea hata kikombe cha chai. Anavaa suruali imembana. Hali, hapiki, hafui, kazi yake ni kuangalia dirisha. Nduta aliuliza shuleni anaenda saa ngapi huyo. Mzee Nthiwa alitikisa kichwa akasema, "Hii msichana haina mama. Ingekuwa na mama ingechapwa mapema." Wote wakanigeukia mimi.

Sitaki kukuficha, hata mimi nilimkasirikia huyo Melani. Pale alipomwacha mama yake kituo cha basi, amesimama na sanduku, bila hata kusema mama nimeenda, nilitamani kuingia katika huo ukuta nimvute sikio. Lakini hasira yangu ilikuwa na kitu kingine ndani yake, na nilijua ni kitu gani, nikakikalia.

Filamu ilipokwisha, Pasta Gedion alimuuliza Yvonne ni nani aliyemfundisha kwamba mtu hai anaweza kuolewa na mfu. Mtoto akamtaja Mama yetu, ambaye yeye humwita Susu. Alisema, "Si Susu yangu aliolewa na mtu alikuwa ameshakufa? Na hapa kuna mtu alikula nyama ya hiyo harusi."

Kilichofuata nitakiandika hapo chini, maana mkono wangu bado haujakubali. Kwa sasa nakuambia tu kwamba Mzee Nthiwa aliangalia viatu vyake. Kamati ikaamua kwamba mtoto ana agano na wafu. Jumapili hii atapiga magoti mbele, jina lake lisomwe, akatae hilo agano kwa kinywa chake, kisha aombewe siku saba hapo kanisani wakati wenzake wako darasani. Na wa kulisoma jina na kuongoza maombi ni mwinjilisti kutoka Zombe, Ndolo wa Kisilu. Pasta alituambia kwamba alikueleza ni mpwa wako, nawe ukajibu hata kama ni damu yako, kazi ya Bwana ni kazi ya Bwana.

Damu yako. Basi tuzungumze juu ya damu, kaka, kwa kuwa wewe ndiye uliyeitaja.

Kisilu, mtu ambaye mimi na wewe tunabeba jina lake, alisombwa na mto mwaka wa 1961, zile mvua kubwa, akiwa na miaka ishirini na hajaoa. Mama yake hakutaka jina la mwanawe lizimike. Mwaka wa 1965 akatoa mbuzi, akaenda kwa kina Mama yetu, akamwolea marehemu mke, kama watu wetu walivyofanya. Mama alikuwa na miaka kumi na saba. Aliletwa katika nyumba ambayo bwana arusi alikuwa koti la khaki lililotundikwa kwa msumari nyuma ya mlango. Wewe ulizaliwa mwaka uliofuata. Wote tunajua Baba Mdogo Mbuvi alikuwa akija kufanya nini, na hata pua yako inajua. Lakini tulikuwa watoto wa Kisilu, na hakuna aliyetucheka. Unakumbuka tulivyokuwa tukilianika lile koti juani kabla ya mvua za Novemba? Wewe ulishika bega moja na mimi lingine.

Halafu ukaokoka, na sikukatazi kuokoka. Ila ulianza kusema baba yetu aligongwa na lori pale Salama. Mama alikusikia ukisema hivyo mbele ya wageni. Alipokufa mwaka jana, ulisoma hilo lori katika wasifu wake, kaburi likiwa wazi. Baada ya mazishi ulilichoma koti nyuma ya choo, ukisema lina pepo. Nilikuona. Nilikuwa nikiosha sufuria na nikaendelea kuosha.

Sasa nisikilize jambo ambalo Yvonne aliniambia jana asubuhi tukichambua ndengu. Ile likizo ya Aprili mwaka jana alipomlinda Mama akiwa mgonjwa, alikuwa akitazama hiyo filamu kwa simu, na Mama akamwambia ailete karibu. Waliitazama yote kitandani, mtoto akimweleza. Mama aliuliza kama kwa kina huyo msichana mbuzi walipelekwa. Akaambiwa hapana. Akauliza ni nani aliyempeleka kwa huyo marehemu. Akaambiwa hakupelekwa, amejipeleka mwenyewe, amempenda. Yvonne anasema Susu alicheka mpaka akakohoa, ikabidi apewe maji. Alisema hajawahi kusikia jambo kama hilo, mtu kuchagua. Kisha akamsimulia kila kitu, kuanzia mto hadi koti. Ndiyo maana mtoto alitaka vijana wenzake waione. Hakuleta pepo. Alikuwa akimkumbuka nyanya yake.

Sasa ile sehemu niliyoiruka. Yvonne aliposema maneno yale mbele ya kamati, nilisimama nikampiga kofi. Nilimpiga kwa mkono wote, mbele ya watu wanane. Nikasema mtoto huyu ni mwongo, baba yangu aligongwa na lori Salama, kila mtu anajua. Lori lako, kaka. Lilitoka kinywani mwangu kama nimelizaa mimi. Yvonne hakulia. Aliniangalia tu, kisha akaenda kuzima mashine, akakunja waya vizuri na kutoka. Kama kamati ilikuwa na shaka, mimi ndiye niliyeiondoa, kwa sababu nani atamwamini mtoto ambaye mama yake mwenyewe amemwita mwongo? Wao walimhukumu, lakini aliyemfunga ni mimi. Tangu Jumanne silali vizuri, na sioni haja ya kukuombea wewe ulale.

Nimemwomba mtoto msamaha. Alisema ni sawa, kwa ile sauti ambayo si sawa.

Kwa hivyo ninakuomba, na baada ya kuomba nitakuambia nitakalofanya. Mpigie Gedion kabla ya Jumapili umwambie hutalisoma jina hilo. Au njoo usimame na mimi tuseme ukweli pamoja, mimi bega moja na wewe lingine. Lakini ukifungua kinywa kusoma jina la binti yangu, nitasimama katikati ya kanisa nitaje mwaka aliokufa baba yetu na mwaka uliozaliwa wewe. Watu wa Tawa wanajua kutoa na kujumlisha. Ukiona nimekuaibisha, uone tu. Sisi tumemwaibisha Mama miaka arobaini na hakutuuliza.

Msalimie Kasyoki sana, mwambie gauni lake liko tayari na Muli atampa. Watoto wape mkono wangu. Kimeu anakusalimu. Yvonne sijamuuliza kama anakusalimu.

Nimebakiza neno moja, nalo si langu. Filamu ilipofika pale Melani anapozungumza na marehemu wake kando ya ziwa, Mama alimshika Yvonne mkono akamwambia, "Huyu ana bahati. Wake anaongea. Wangu hakuniambia hata neno moja, na watoto niliomzalia ni hivyo hivyo."

Jumapili mmoja wao ataongea.

Ni mimi dada yako,
Wavinya, binti ya Kisilu aliyekufa maji mwaka wa 1961.