Kurasa Ulizoziacha Wazi

Mpendwa Tata,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtoto hafungui mdomo mbele ya baba yake kabla ya kumwamkia, na sidhani kaburi limebadilisha hilo.

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti chako, hapa nyumbani Bomani, mbele ya kompyuta yako. Mama yuko jikoni anachambua mboga. Amekitoa kile kitambaa alichokuwa ameifunikia, na bado hajaniuliza kwa nini kila Jumamosi napanda basi kutoka Mugumu kuja kukaa na mashine ambayo zamani sikutaka hata kuisikia ikitajwa.

Unakumbuka ilivyofika? Mwita aliingia nayo begani mchana wa jua kali, viatu vyake vimejaa udongo wa duara. Mdogo wangu, mwanao wa pekee wa kiume, alikuwa amemaliza kidato cha nne na kushuka moja kwa moja kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, na siku hiyo ndiyo tuliona faida yake. Wenzake walinunua pikipiki. Yeye alikwenda Sirari akakununulia kompyuta iliyokwisha tumika, kisha akatuigizia sauti ya muuzaji: "Mzee atafurahi, hii mashini iko sawa kabisa, haina shida yoyote!" Ulicheka mpaka ukavua miwani. Ulikuwa umefundisha darasa la nne maisha yako yote kwa vitabu vilivyochanika majalada, ukaipapasa ile mashine ukasema, "Sasa nimepata maktaba." Hiyo ndiyo dhahabu pekee iliyowahi kuingia kwenye nyumba yetu.

Mwezi uliofuata Mwita akasikia kuna rashi mpya, mahali dhahabu imeonekana juu juu na watu wanakimbilia. Aliondoka na begi moja. Alipiga simu mara mbili. Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena.

Kwetu mlango wa chumba cha mtu aliye safarini hautiwi komeo mpaka arudi. Babu alilishika hilo, nawe ukalishika. Chumba cha Mwita kilirudishiwa tu mlango, kuku wakawa wanaingia kutagia kitandani kwake, mama akalalamika, na bado ukakataa komeo. Mimi nilikuwa nacheka. Mwaka wa pili nikaacha kucheka, nikaanza kukasirika. Ndipo siku ile, tukiwa mezani, nikakuambia yale maneno.

"Tata, Mwita amekufa. Mtu aliye hai hupiga simu."

Uliweka tonge chini. "Tumezika nani, Bhoke?"

"Hao wanaofukiwa huko chini hawazikwi. Tuache kujidanganya."

Ulisukuma sahani, ukainuka. Tangu siku hiyo hukulitaja jina lake mbele yangu, nami kwa ujinga wangu nikadhani umekubali.

Simu zako kuhusu kompyuta zilianza baada ya hapo. Ulikuwa ukinipigia kazini, saa ambayo watu wamejaa dirishani kwangu na fomu zao za kugongewa mihuri. "Bhoke, imejifunga tena." Ulimaanisha kivinjari, kile unachofungulia intaneti. Kilikuwa kinafunguka, kinakaa dakika chache, kinaganda, kisha kinatoweka chote na kukuachia picha tupu ya mlima. Nikakuambia uizime uiwashe. Ukazima, ukawasha, ikajifunga. Nikakuambia ukague ile modemu. Nikakuambia uweke toleo jipya, nawe ukanisomea kila neno lililotokea kwenye kioo, polepole, kama unasoma imla, huku mama mmoja dirishani kwangu akigonga meza kwa funguo.

"Sasa inaniuliza kama nataka kurejesha kurasa."

"Usirejeshe, Tata! Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Umefungua kurasa ngapi?"

Ukahesabu. Nilikusikia ukihesabu kwa sauti. "Arobaini na moja."

Arobaini na moja! Kompyuta yenyewe kumbukumbu yake ndogo, mashine kuukuu ya Sirari. Nikakuambia kwamba hilo ni duara lisilo na matimba, unachimba tu mbele bila kuweka nguzo, lazima likuangukie. Nilijiona nimesema jambo la maana sana.  Leo najua ni kitu gani nilikisema, na kwa nani.

"Funga zile usizozihitaji," nikasema.

"Nazihitaji zote."

"Tata, hakuna mtu anayehitaji kurasa arobaini na moja."

"Haya, mwanangu. Uwahudumie watu wako."

Kesho yake ukapiga tena. Nilidhani hujui kuzifunga na unaona aibu kuuliza. Mwalimu hapendi kuonekana hajui, nikawaambia wenzangu ofisini, wakacheka nami.

Basi likizo ile nikaja. Ulikuwa umetoka asubuhi kwenda Machochwe kwenye msiba wa mwalimu mwenzako. Nikasema nimshangaze baba, akirudi akute kazi imekwisha. Niliiwasha, ikaleta kurasa zako zote zikiwa zimebanana pale juu hata vichwa vyake havisomeki, ikaganda kabla sijaona kilichomo hata kwenye mmoja. Sikujaribu kuangalia. Niliifanyia kazi kama fundi kweli kweli. Nilifuta historia. Nilifuta kila kilichohifadhiwa. Nilikiondoa kivinjari chote pamoja na mizizi yake, nikaweka kingine kipya. Kilifunguka upesi kama mlango uliotiwa mafuta. Nilikijaribu saa nzima, hakikujifunga hata mara moja.

Ulirudi jioni na vumbi la barabara, ukaketi kabla hata ya kunawa. Ukaangalia kioo.

"Ziko wapi?"

"Nini, Tata?"

"Kurasa."

"Nimezifuta zote. Haitakusumbua tena."

Ulibaki umeshika kile kipanya cha kuelekezea, hukukisogeza. Halafu ukasema, "Asante, mwanangu." Ukaenda kunawa. Nilikuwa na furaha, Tata. Usiku ule nililala usingizi mzuri, na hilo ni jambo ambalo bado sijajisamehe.

Hukuigusa tena. Mama aliponiambia umeacha kompyuta, nilimjibu kwamba wazee ndivyo walivyo, huchoka haraka na vitu vipya. Halafu kifua chako kikaanza, halafu hospitali, na masika yalipofika tukakuweka chini kule nyuma ya migomba. Udongo wa kwanza ulitupwa na mtoto wa baba mdogo. Watu wote walijua ni mkono wa nani uliopaswa kuutupa, na watu wote wakaangalia pembeni.

Daftari nililikuta siku tulipokuwa tunagawa nguo zako. Daftari la mistari, umelipigia safu kwa rula kama rejesta ya darasa. Nimelisoma mara nyingi kiasi kwamba najua kurasa zake kwa moyo.

"Namba 6. Rashi, watu wengi. Aliyeinama, jaketi la bluu. Mgongo kama wa M.

Namba 9. Kofia ya kijani. Uso hauonekani vizuri. Kuuliza.

Namba 14. Wa tatu kutoka kushoto. Sikio. Nina hakika ya sikio."

Zinaendelea hivyo mpaka arobaini na moja. Ulikuwa unapekua picha za wachimbaji ambazo watu huzirusha mtandaoni kila dhahabu inapoonekana mahali, uso kwa uso, mgongo kwa mgongo, na kila ulipomwona mtu anayefanana na Mwita uliuacha ukurasa wazi. Uliziandika kwa namba ya mpangilio wake pale juu, kuanzia kushoto, kwa sababu kwako ukurasa ni ukurasa, una namba, na hakuna mtu anayechana kitabu. Hukuandika anwani hata moja. Namba kumi na nne ilikuwa na maana kwa kuwa tu ilisimama baada ya kumi na tatu. Nami nikazifuta zote kwa kubofya mara chache.

Nilimpelekea mashine Fundi Salimu, yule ambaye babu yake alikuja kutoka pwani, mwenye kibanda karibu na soko. Nilimwomba atafute chochote kilichobaki. Alikaa nayo siku mbili. Aliponirudishia hakunitazama usoni.

"Dada, hii kazi ulifanya vizuri mno. Ungefanya ovyo kidogo tu, tungepata kitu."

Sikumwambia kwa nini nalia. Alinipa kiti, akaagiza soda, akaendelea na kazi yake.

Tata, najua kwa nini hukuniambia. Ungeniambia nini, wakati nilikuwa nimekwisha mzika mwanao mezani, mbele ya ugali? Ulijificha kwangu kama mtoto anayeficha daftari lenye makosa. Mimi ndiye niliyekuwa na makosa. Sijui kama Mwita yuko hai. Nikisema ukweli, siku nyingi naamini nilivyoamini. Lakini halikuwa jambo la kuamua kwangu, na wala sikukuuliza.

Sasa nazitafuta. Nina daftari lako, nami naandika anwani kando ya kila namba, kwa wino mwekundu, usinikasirikie. Nimepata kofia ya kijani. Nilimkuza yule mtu mpaka uso ukavunjika vipande vipande, na si Mwita, pua si yake kabisa. Nilipeleka kishale kwenye kile kialama cha kufungia, nikakirudisha. Nimemwacha wazi. Huenda kuna baba mwingine anamtafuta.

Namba kumi na nne bado. Kila picha naanza kuhesabu kutoka kushoto, moja, mbili, tatu, natafuta sikio.

Leo nilipofungua ukurasa wa ishirini na tisa, kivinjari kiliganda, kikatoweka, ukabaki ule mlima. Ni mara ya kwanza tangu nilipokitengeneza. Mama alisikia nimeacha kubofya.

"Imejifunga?" akauliza kutoka jikoni.

"Imejifunga, mama."

"Afadhali, kama wakati wa baba yako," akasema, akaendelea na mboga zake.

Ikaniuliza kama nataka kurejesha kurasa. Nimekubali, Tata. Zinarudi polepole, mmoja mmoja, kuanzia kushoto.

Lala. Mlango wa chumba chake nimeukagua, hauna komeo.

Ni mimi, binti yako mjuaji,
Bhoke