Kilima cha Masako

Alhamisi, usiku

Na sasa Tonton Faustin, kaka wa mume wangu, anasema nitauaibisha ukoo.

Alinikuta jikoni nikipanga safari ya Jumamosi. Toleka mbili za kukodi, kwa sababu baiskeli ni nafuu kuliko pikipiki. Chikwangue, ule mkate wa muhogo, samaki wa kuchoma, maji ya nyumbani. Nawapeleka watoto wapande kile kilima karibu na Masako. Marehemu baba yao aliwaahidi. Yeye alikiita mlima, nami nilimcheka kila mara.

"Mama Béa, matanga haiyaisha," Tonton alisema. "Hatuyakuvua nguo nyeusi, na uko unaenda kutembea? Watu watasema nini juu ya ndugu yangu?"

Ndiye mkubwa wa ukoo. Nguo hii ya msiba atanivua yeye, siku atakayotaka.

Béa, binti yangu, alikuwa anaosha sahani. "Tonton, ni papa alisema tutaenda. Siyo mama."

Tonton akamgeukia. Niliogopa angempiga.

"Bon. Mutaenda. Lakini mama yenu atavaa nyeusi, na mimi nitakuja kuwaangalia. Hapana kelele, hapana kucheka."

"Tonton iko muzito," alinong'ona mdogo wake Béa. "Toleka yake itavunjika."

Kwa hiyo ni toleka tatu, na samaki watapungua. Hilo nitaliweza.

Ninachoogopa ni kule juu. Béa ana kicheko cha baba yake, kile cha kuanzia puani. Kikimtoka, Tonton atanitazama mimi nimnyamazishe.

Sitamnyamazisha.