Betri ya Pikipiki

Vudee, Same

Kaka Sifael,

Shikamoo. Mahindi yamebeba vizuri. Mama hajambo, ila goti linamsumbua.

Kaka, ile bodi ya elektroniki uliyofunga kule juu ndivani, kwenye bwawa letu, ipime maji ya kumwagilia na kukutumia meseji, imeungua. Uliniambia volti tano tu. Betri yake ilipokufa nikaunga ya pikipiki, ya volti kumi na mbili, nikidhani yenye nguvu zaidi ndiyo bora. Ikafuka moshi.

Meseji za maji unazopata kila asubuhi siku hizi natuma mimi. Laini yake nimeiweka kwenye simu yangu. Anayepanda kuchungulia ni Mama. Amenikataza kukuambia mpaka umalize mitihani.

Niambie ninunue bodi ipi na betri ipi. Leo Mama amerudi kutoka huko akichechemea, akaketi, akasema, “Mwandikie ndiva imejaa.” Nikaandika meseji, kisha barua hii.

Mdogo wako,
Rogathe