Nyayo Zilizoishia Kwetu

Mpendwa kaka,

Mtu mmoja anasema alikuona kwenye machimbo ya dhahabu ya Buhemba. Naandika kwa kuamini macho yake.

Unalikumbuka neno la baba? Alilitoa kwenye baraza la Bunda alikokuwa tarishi, akawa nalo kama mtu aliyenunua baiskeli mpya, lazima aipande kila siku. Dhana. Jembe lilipopotea, mama akaanza kulaumu watoto, baba alimkatiza: "Hiyo ni dhana. Ni jibu unalolishika kabla hujatafuta. Usianzage nayo." Wewe ulikuwa ukimwigiza hadi mama anacheka machozi yakimtoka.

Halafu ikaja asubuhi ile. Ng'ombe wa jirani walikuwa wameibwa, na wenyewe wakafuata nyayo, mikuki mikononi, mpaka kwenye ua wetu. Sheria ya kwetu unaijua: nyayo zikiishia kwako, uonyeshe zinakoendelea, la sivyo ulipe wewe. Nikasubiri baba aseme neno lake. Hakulisema. Hata chini hakutazama. Alikugeukia wewe, uliyekuwa umeingia alfajiri kutoka Musoma na mfuko wako wa dagaa, miguu imejaa tope.

"Umewapeleka wapi?"

Uliuweka mfuko wa dagaa miguuni pake.

Jioni nyayo zilionekana nyuma ya shamba la pamba, zikielekea mtoni. Wenye ng'ombe wakaomba radhi, wakaenda zao. Wewe ulikuwa umeshaondoka. Nilimkasirikia baba, na nilikukasirikia wewe pia kwa kuondoka bila kuniaga. Hasira hiyo ninayo mpaka leo.

Sasa nimeolewa, na ng'ombe wa mahari yangu wako zizini kwa baba. Ni wa kukuolea wewe, lakini baba mdogo anawataka kwa ajili ya mwanawe. Jumapili nilikwenda kumsalimia baba, nikamkuta baba mdogo amekuja na wazee.

"Kaka, huyo harudi tena," alimwambia baba. "Watu wanaingiaga machimboni, hawatokagi. Tugawane."

Baba siku hizi haoni vizuri. Aligeuza uso kuelekea zizini, nikaogopa kwamba atakubali.

Kisha akasema polepole, "Hiyo ni dhana."

Wazee wamempa muda mpaka pamba iishe kuvunwa, na huku tumeshaanza kuvuna. Njoo, kaka. Nilipomuaga alinishika mkono, akasema, "Ukimwandikia, mwambie siku ile dhana nilianza nayo mimi."

Ni mimi,
mdogo wako anayekungoja