Bega la Gati

Kewanja,
12 Agosti 1956

Mpendwa mdogo wangu Kornelio,

Nakusalimu kwa upendo wa Bwana, nikitumaini barua hii itakukuta u mzima huko Busawe, wewe na shemeji yangu Felista, na mifugo pia. Mimi sijambo, ila nyumba bila marehemu mke wangu Wegesa bado inanishinda. Uniwie radhi kwa kuchelewa kuandika.

Binti yangu Gati amerudishwa. Alikuwa akisaga ulezi kwa mama mkwe wake, bega likachomoka tena, unga ukamwagika. Yule mama hakumwinua. Aliwauliza majirani kama sisi watu wa Kewanja hulea mabinti au hufinyanga vyungu, maana huyu akiguswa tu anavunjika. Mume wa Gati akacheka pamoja nao. Hilo limeniudhi kuliko yote.

Nilimpeleka kwa daktari wa misheni. Alilirudisha bega, akavuta ngozi ya mkono wake, ikanyanyuka kama kitambaa. Alisema kano zinazoshikilia viungo vyake ni legevu tangu tumboni, na kwamba hali hiyo hurithiwa. Nilimwuliza kwa heshima kama hakuna hata sindano. Akasema hakuna, asisage, asibebe mtungi. Ni mke gani wa Kikurya asiyesaga wala kuteka maji? Nisamehe, ndugu yangu. Nilitoka pale na hasira hata nikasahau kofia yangu.

Juzi wakwe walikuja na wazee wao. Walisema ugonjwa umetoka kwa kina Wegesa, kule Nyansurura, kwamba nilioa penye laana. Najua nawe umewahi kusema hivyo, wala sikulaumu. Lakini kumsikia mke wangu akitukanwa naye yu kaburini, na binti yake ameketi mlangoni, bega limefungwa, akisikia kila neno! Sikuvumilia.

Kornelio, daktari alinitazama mimi pia. Vidole vyangu hupinda kinyume mpaka vinakaribia kugusa mkono, kama vyako, kama vya marehemu mama yetu, ambavyo tulivichezea utotoni tukidhani ni karama. Nikavipinda mbele ya wakwe. Nikawaambia ugonjwa ni wetu, umetoka kwa mama yetu, Wegesa hana hatia.

 Kisha mzee mmoja, baba mdogo wa Ryoba, yule kijana anayemposa binti yako Boke, akauliza kama Boke naye ni mjukuu wa mama huyo. Nikajibu ndiyo.

Nilitaka kumsafisha mke wangu, nami nimemchafua mwanao. Na Gati hawakumchukua. Tafadhali usimwambie Boke. Jumatatu nitakuja nimwambie mwenyewe, mbele yako. Ukinifungia mlango, nitaongea nikiwa nje.

Mpe Felista salamu zangu, kama atazipokea.

Ni mimi kaka yako, kwa unyenyekevu,
Nikolaus Werema